Barakoa Isiyovaliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku aliosha barakoa ya baba yake. Aliichovya kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, akaisuuza, kisha akaianika kivulini. Mama, aliyefanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, aliporudi aliikuta kambani bado inachuruzika, akashukuru kwamba mumewe amelala salama.

Jina la Kasuku alipewa nyumbani kwa sababu hakuna sauti iliyomshinda kuiga. Baba yake, fundi seremala, alikuwa akikoroma mpaka majirani wakalalamika. Tena koo lake lilijiziba usingizini, pumzi ikakatika, akashtuka akitweta. Mchana alisinzia hata akiwa ameshika randa. Hospitali ikampa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Akaanza kuamka mchangamfu, na mafundi wenzake wakamtania kwamba amerudi ujanani.

Kisha binamu zake Kasuku wakaja kutembea. Kasuku akajivika barakoa, mpira wa hewa ukining'inia mbele kama mkonga, akakoroma, akakata pumzi, akatoa macho. Binamu walicheka mpaka wakagaagaa sakafuni. Alipogeuka, baba alikuwa amesimama mlangoni. Naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha kulazimisha.

Kesho yake barakoa ilikuwa kavu na safi, haina hata alama ya jasho. Kasuku alielewa mara moja. Angemwambia mama, lakini angeulizwa sababu. Basi akaiosha vivyo hivyo, akaianika. Akafanya hivyo siku zote zilizofuata, kila mara akitazama nyuma kama mwizi. Baba alimwona, akamwacha aendelee. Akarudia kusinzia kazini, na siku moja msumeno ukamponyoka, ukamkata kidole.

Baada ya kidole kushonwa, mama alisema warudi kliniki wote watatu. Kasuku alibeba mfuko wa mashine, macho chini njia nzima.

Muuguzi, mama wa makamo mpenda utani, alimvisha baba barakoa, akapitisha vidole pembeni ya pua kuona kama hewa inavuja, akalegeza mkanda mmoja. Hakuona kasoro. Akauliza kama anaivaa kila usiku. Kabla baba hajafungua kinywa, mama akajibu kwamba anaivaa, kwani yeye huikuta imeoshwa kila asubuhi. Baba akainamisha kichwa.

Muuguzi akakunja uso. "Kama anaivaa na bado anasinzia hivi, basi mashine haimsaidii. Nitamwambia daktari. Huenda wakafikiria kumpasua koo."

Kasuku alimgeukia mama yake. Baba apasuliwe kwa sababu ya mzaha wake?

"Mama, baba haivai," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi huiosha tu ili usijue. Aliacha siku ile nilipomwigiza mbele ya binamu zangu. Nisamehe, baba."

Mama aliwatazama wote wawili. Baba alimvuta binti yake karibu.

"Na mimi nina kosa langu, mwanangu. Mtu mzima naonea aibu kitu kinachonipa pumzi. Tena nimekuacha ubebe uongo wangu."

Muuguzi hakuwakaripia. Alimweleza baba alale kwa ubavu, akamfundisha Kasuku kufunga mikanda isibane wala isilegee. Tangu siku hiyo, kila usiku Kasuku ndiye aliyemfunga baba barakoa kabla ya yeye mwenyewe kwenda kulala.

Waliporudi kliniki tena, baba alikuwa mchangamfu, anatania watu kwenye foleni. Lakini Kasuku hakuacha kukitazama kile kidole chenye kovu. Muuguzi akaliona hilo, akamketisha kando.

"Mgonjwa akichekwa, huficha ugonjwa wake," alimwambia kwa upole. "Na akificha, sisi tunatibu kisichokuwepo. Uliposema ukweli ulimwokoa baba yako na kisu. Ungesema mapema, ungemwokoa na msumeno pia. Siku nyingine usingoje."

Kasuku aliitikia kwa kichwa. Hakutafuta cha kujitetea.