Sauti Kwenye Waya wa Iringa

Kila alipotoka shule, Lusia alipitia ofisi ya malori pale Iyunga kumngoja shangazi yake, Alinanuswe, mwendesha swichibodi, mtambo wa kuunganisha simu. Kampuni ilikuwa na waya mmoja tu wa simu kwenda Iringa, na ghala la Igawa, katikati ya njia, lilitumia waya huohuo. Kwa hiyo shangazi alimpa kila mzungumzaji dakika tatu. Zikiisha alichomoa plagi, hata kama anayeongea ni meneja.

Alasiri moja ya masika, mwaka 1974, ukungu ulishuka Mbeya ukayameza malori uani. Shangazi akaitwa kwa meneja.

"Keti hapa, mwanangu. Usiguse kitu."

Lusia alivumilia kidogo tu. Akavaa visikizio, akachomeka plagi ya Iringa. Aliyepokea alikuwa Nyamizi, rafiki yake aliyehamia Kihesa, Iringa, na baba yake, Masunga, karani wa kampuni huko. Wakapiga soga. Dakika tatu zikapita, zikapita na nyingine nyingi.

Mara Lusia akasikia mtu akihema.

"Nyamizi, ni wewe?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe!"

Wakatega sikio. Nyuma ya mvumo wa waya ikatoka sauti nyembamba, kama ya mtu aliyefukiwa ardhini: "Saulo... Saulo..."

Nywele zilimsimama Lusia. Saulo alikuwa baba yake, dereva, naye siku hiyo alikuwa Iringa akipakia mzigo arudi Mbeya.

"Ni mzimu," Nyamizi alinong'ona. "Unamwita baba yako."

"Daraja..." ile sauti ikalia, kisha ikafifia.

Lusia akapiga yowe. Shangazi akarudi mbio. Lusia angeweza kusema simu imeharibika, lakini alisema kweli: "Nimeongea na Nyamizi muda mrefu, shangazi. Sasa kuna mtu anamwita baba."

Shangazi alinyakua visikizio. "Nyamizi, weka simu chini! Igawa, sema sasa!"

Waya ulipotulia, ule mzimu ukawa mzee Bartholomeo, mtunza ghala.

"Nimeita mpaka koo limekauka!" alifoka. "Mafuriko yamebomoa daraja, na ukungu huu hauonyeshi hata shimo. Saulo asiondoke!"

Shangazi akapiga Iringa. Masunga aliiacha simu wazi, akatoka mbio. Walibaki wakisikiliza mvumo mtupu, Lusia ameng'ang'ania gauni la shangazi.

Hatimaye Masunga alirudi akitweta. "Tumemkuta getini. Ameshazima injini."

Lusia akaangua kilio. Shangazi alimkalisha, akamfuta machozi kwa pindo la khanga.

"Umefanya vema kusema kweli upesi," alisema. "Ungeficha, tungechelewa. Lakini sikia, mwanangu. Sipimi dakika kwa uchoyo. Waya ni huu mmoja, na watu ni wengi. Ukiujaza soga zako, hata anayetaka kumwokoa baba yako atasikika kama mzimu."