Daftari la Wasichana Arobaini na Mmoja

Mlango wa kabati la ukumbi wa mtaa ulikuwa umeegemezwa ukutani, chini yake pametandikwa gunia ili rangi isichubuke. Skrubu zake nane zilikuwa kwenye kisosi, zimepangwa vizuri. Ndani ya kabati kilikuwemo kibweta cha hela za chai, spika kubwa na kompyuta ya mkononi. Kilichokosekana ni daftari moja la shule, jalada lake rangi ya machungwa.

"Daftari," alisema Inspekta Goundar.

"Daftari," alijibu Vasemaca.

"Nimetolewa kwenye chai yangu, Jumatatu, saa moja asubuhi, na mvua yote hii, kwa ajili ya daftari."

Vasemaca alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, muuzaji wa duka la dawa, na hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu. "Inspekta, daftari hilo lina wasichana arobaini na mmoja. Kila mmoja anaishi wapi. Siku gani anatoka kazini au darasani usiku. Anashuka basi wapi, anapita njia ipi, anafungua mlango saa ngapi, na kama nyumbani kuna mtu au hakuna. Nikuchemshie chai sasa?"

Goundar akafungua kijitabu chake. Yeye mwenyewe alikuwa na binti wa miaka kumi na tisa, ambaye akiulizwa anakwenda wapi hujibu "nje".

Kundi la Vasemaca lilikuwa la vijana wa mtaa wa Vunivesi, hapo hapo Suva, mji mkuu wa Fiji, na kazi yake ilikuwa kusindikizana. Lilianza baada ya msichana mmoja kuvutwa nywele na kunyang'anywa mkoba kwenye ngazi za kilimani, ambako taa zilikuwa zimekufa. Waliwaandikia wakubwa wa taa. Wakajibiwa kuwa barua imepokelewa. Wakaandika tena, ikapokelewa tena. Ndipo walipoamua kupokeana wenyewe kituo cha basi na kufikishana mlangoni, wawili wawili.

"Mbona hamkuyaweka mambo haya kwenye simu kama binadamu wengine?" Goundar aliuliza.

"Tuliyaweka. Mwaka jana simu ya mwenzetu ikaingiliwa. Kuna mjinga akawa anamtumia ujumbe kila usiku, 'leo umechelewa, mrembo.' Tukarudi kwenye karatasi."

Sajini Apakuki, aliyekuwa akipaka unga wa alama za vidole, aliinua kichwa. "Hakuna kitu, Afande. Amefuta kila mahali."

Chumba kilikuwa na giza. Goundar akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiguse!" alipiga kelele Vasemaca. "Inapiga shoti!"

Alikuwa amekwisha kuigusa. Taa ikawaka kwa upole kabisa. Goundar akainama kuitazama swichi: waya uliokuwa wazi ulikuwa umefungwa utepe mpya wa umeme, wa njano.

"Nani kaitengeneza?"

"Hakuna. Tangu Krismasi tunaiwasha kwa mpini wa ufagio."

"Yaani huyu mwizi kaingia jana mkiwa kanisani, kafungua kabati kwa bisibisi, kaiba daftari, halafu kabla ya kuondoka kakaa akatengeneza swichi."

"Labda ilimpiga," alisema Apakuki.

Ilipofika saa sita mchana Vunivesi nzima ilikuwa imekwisha kumjua mwizi. Ni Sikeli, kijana mwenye rekodi ya simu mbili na baiskeli moja. Polisi hawakuhitajika tena. Goundar aliarifiwa kwa simu kwamba kesi imekwisha, akapanda kilima mbio huku anatukana kimoyomoyo kwa lugha tatu.

Nyumbani kwa baba yake Vasemaca wanaume sita walikuwa wamekaa mkekani, wamekunja miguu, bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi, katikati. Mbele ya mwenye nyumba lilikuwa limewekwa jino la nyangumi. Mjomba wake Sikeli, Mzee Ropate, alikuwa amelitoa kuomba radhi, kama ilivyo desturi, nalo limepokelewa. Sikeli alikuwa ameinamisha kichwa.

Goundar akakaa, kwa kuwa kusimama kungekuwa matusi. Akapewa kifuu, akapiga kofi moja la desturi, akanywa. Ulimi ukafa ganzi.

"Sikeli, daftari liko wapi?"

"Sijui, Bwana."

"Lina rangi gani?"

Sikeli akamtazama mjomba wake. "Bluu?"

"La machungwa."

"La machungwa, Anko," Sikeli alimnong'oneza mjomba, kama mtu anayempenyezea mwenzake jibu la mtihani.

"Mzee Ropate, umeomba radhi ya nini?"

"Bwana Inspekta," alisema mzee, "kila kitu kikipotea hapa, iwe jogoo, iwe sufuria, mlango unaogongwa ni wangu. Safari hii nikaona nitangulie."

"Lakini hajaiba!"

"Hili hajaiba," mzee alikubali. "Ila jino nimeshalitoa."

Nje, barazani, Vasemaca alikuwa akisubiri na simu yake mkononi. "Baba anataka nifute malalamiko."

"Na wewe?"

"Wakasameheane wao. Angalia." Akamwonyesha simu. Ujumbe ulikuwa unaingia mmoja juu ya mwingine. *Naacha masomo ya jioni. Nimehamia kwa shangazi. Mama kaninyima ruhusa. Nimeacha kazi ya hotelini.* "Tangu asubuhi ni kumi na wawili. Wiki ijayo hakuna msichana Vunivesi atakayekuwa nje baada ya saa kumi na moja. Tutakaa ndani tukijipikia mihogo, na wale wanaotuvuta nywele ndio watakaotembea. Nipatie daftari langu, Inspekta. Mimi sijasamehe mtu."

Goundar alitafuta. Alihoji mlinzi wa ukumbi, ambaye hakuona kitu kwa sababu alikuwa amelala, na mchungaji, ambaye alipendekeza maombi. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Jalada la kesi lilikuwa na kurasa kumi na nane na ndani yake hamna lolote.

Alhamisi, saa saba mchana, msichana mwembamba aliingia kituoni na sare ya kiwanda cha nguo. Goundar ndiyo kwanza alikuwa ameikunjua roti yake, chapati ya kutoka nyumbani.

"Mimi ni nambari kumi na saba," alisema. "Kwenye daftari. Naitwa Laisani."

Goundar akaikunja roti. "Kuna mtu amekufuata?"

"Hapana. Kuna mtu ananitengenezea taa."

"Anakufanya nini?"

"Taa, Inspekta. Za ngazi za kilimani. Zimekufa miaka miwili. Jumatatu nilipotoka darasani nikakuta ya chini inawaka. Nikamshukuru Mungu. Jumanne ikawaka ya katikati. Jana ya juu, iliyo mbele ya mlango wetu kabisa."

"Wengine wangefurahi."

"Vunivesi ina taa mbovu kumi na nne. Zimetengenezwa tatu tu, na zote tatu ni njia yangu." Akavuta kiti, akakaa. "Aliyechukua daftari anajua ninapopita. Anataka anione vizuri. Leo sipiti huko. Nitapita kijia cha mtaroni."

"Mtaroni kuna kiza totoro!"

"Bora kiza. Kiza hakinijui."

Goundar alitamani kuipiga meza, na akaipiga. Katika mji huu taa zikizimika wasichana wanaogopa, zikiwaka wanaogopa zaidi, na yeye alitakiwa aandike hayo kwenye fomu.

Walikwenda naye kwenye ngazi. Apakuki alipanda nguzo ya kwanza akihema, akashuka na kipande cha utepe wa umeme kwenye kifuko cha vielelezo. Utepe wa njano. Upande wa gundi ulikuwa umeshika alama ya dole gumba, nzima, safi.

"Dole halifutiki kwenye gundi," alisema Apakuki kwa furaha.

Goundar alimgeukia Laisani. "Nyumbani unaishi na nani?"

"Na kaka yangu, Penaia."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi umeme."

Apakuki akatazama pembeni. Goundar akahesabu mpaka tano. "Umemweleza kaka yako habari za taa hizi?"

Msichana alimkodolea macho kana kwamba ameulizwa jambo la aibu. "Nitamwelezaje?"

"Kwa mdomo!"

"Afande," alinong'ona Apakuki, "hawa kwao ni visiwa vya Lau. Kaka na dada hawasemezani, ni mwiko. Mjini wengi wameuacha. Wao hawakuuacha."

"Najua mwiko huo, Sajini, nimezaliwa hapa. Ila nilidhani una mlango wa nyuma." Akamgeukia tena Laisani. "Mlikuwa mkiambianaje mambo?"

"Kupitia kwa mama."

"Mama yuko wapi?"

"Tulimzika mwezi wa pili," alisema Laisani. Kisha akaelewa. Akakaa chini, pale pale kwenye ngazi iliyolowa.

Walimkuta Penaia juu ya paa la duka la mikate, bunda la utepe wa njano kiunoni. Hakukimbia. Alishuka ngazi yake, akaikunja, akauliza aiweke wapi ili isimkwaze mtu. Kituoni dole gumba lake lililingana na lile la kwenye gundi. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wake wa vifaa, limefungwa kwenye plastiki lisiingie maji.

Chumba cha mahojiano kisichovuja kilikuwa kimoja tu. Laisani alikuwa amekaa humo na Vasemaca. Kaka yake alipoingizwa, Laisani aligeukia ukuta, naye Penaia akakazia macho sakafu. Goundar akakaa katikati.

"Kwa nini ulivunja kabati?"

"Sikuvunja. Nilifungua skrubu."

"Penaia, usinichokoze. Kwa nini?"

"Zamani mama alikuwa akiniambia. Leo dada yako atachelewa, leo anarudi na wenzake. Tangu afariki hakuna anayeniambia kitu. Nikiwa kitandani nasikiliza bomba la uani. Akirudi hunawa miguu. Nikilisikia bomba, nalala. Wiki iliyopita lilikaa kimya mpaka saa tano. Nilisimama mlangoni na nyundo, Inspekta. Sikujua niende upande gani kumtafuta, kwa sababu sikujua anatokea wapi."

"Ungemwuliza Vasemaca."

"Nimwulize mwanamke mwingine habari za dada yangu? Mtaa mzima ungenicheka."

"Mtaa mzima sasa unalia!" Vasemaca alikuwa amesimama. "Umewanyima usingizi wasichana arobaini ili wewe ulale! Mmoja kaacha kazi, unasikia? Kazi! Ulisoma nini humo?"

"Ukurasa wake tu. Naapa. Hizo nyingine sikuzigusa."

"Ndiyo kosa lako lingine." Akalifungua daftari ukurasa wa mwisho, akalisukuma mezani. "Soma."

Penaia akasoma, midomo ikichezacheza. Ilikuwa orodha ya taa kumi na nne, mahali zilipo na tarehe za barua. Chini yake, kwa herufi kubwa: TUNATAFUTA FUNDI UMEME WA KUJITOLEA.

"Na bango lake limebandikwa mlangoni mwa ukumbi," alisema Vasemaca. "Miaka miwili. Ulilipita ukienda kutuibia."

Penaia akaurudia ukurasa tangu juu.

"Na taa zako tatu," alisema Goundar, na hasira aliyokuwa nayo ilimshangaza mwenyewe, "unajua zimefanya nini? Dada yako aliziona akadhani anawindwa. Leo alikuwa apite mtaroni, gizani, kukukimbia wewe."

Hapo kijana alijifunika uso kwa mikono yake miwili, akalia kwa sauti.

Apakuki alisogeza karatasi. Maelezo ya onyo yakaandikwa, yakasomwa, yakatiwa sahihi. Wizi, na kuingia jengo kwa kusudi la kutenda kosa, mahakamani Jumatatu. Vasemaca alitaka iandikwe kwamba yeye hajasamehe, ikaandikwa. Simu ya mezani ikalia: ni Mzee Ropate, amesikia kuwa mwizi amepatikana, anauliza jino lake atarudishiwa lini. Goundar akakata simu.

"Inspekta," Laisani alisema akiutazama ukuta. "Atapewa dhamana?"

"Atapewa."

"Basi mwambie basi langu linafika saa tatu na nusu. Atangulie yeye, hatua ishirini mbele, na tochi. Mimi nitakuwa nyuma. Asigeuke. Nikitaka asimame nitakohoa."

Goundar alitazama huku, akatazama kule. Kati ya viti vyao palikuwa na hatua tatu. "Amekusikia. Yupo hapa, ana masikio."

"Lakini hajaambiwa, Afande," alisema Apakuki taratibu.

Miaka ishirini na sita ya upolisi, roti haijaliwa, mvua inapiga bati. Goundar alivuta pumzi, akamgeukia Penaia, akamwambia yote tangu mwanzo: basi, saa tatu na nusu, hatua ishirini, tochi, asigeuke, kikohozi.

Penaia akafuta uso kwa mkono wa shati. "Mwambie nitakuwepo kuanzia saa tatu."

Goundar akaugeukia ukuta.

"Anasema atakuwepo kuanzia saa tatu," alisema.