Ufuo Ulioitwa Mtupu

Walikutana soko la Ngamiani mwaka 1957. Asmahani alikuwa akiuza kamba za makumbi ya nazi. Sadalla, kaptula nyeupe imepigwa pasi mpaka imesimama, alitaka uzi wa kufungia matishari ya kuchezea, mfano wa yale mashua bapa ya kubebea mizigo. Asmahani akacheka, kanga ikamteleza begani, akamuuliza kama mama yake anajua bado anacheza. Sadalla, Mbondei wa Muheza, akajigamba kwamba kampuni ya taka imemweka atengeneze mfano wa bandari nzima juu ya meza. Kwa vyombo vile vidogo na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, angejua takataka za mji zikamwagwe wapi kwa safari fupi. Akarudi tena na tena kununua kamba asizozihitaji, na mapenzi yakashika.

Siku moja Asmahani akamvusha kwao, ng'ambo ya bandari, akamsalimie mama. Maji yalikuwa yamejaa, yamefunika matope yote ya ufuo. Sadalla hakuona kitu ila wanja wa binti.

Hapo ndipo anaponiudhi hata mimi. Aliporudi mezani aliupaka ufuo ule rangi nyeupe, akaandika: mtupu. Mashine ikauchagua. Tishari la kwanza likamwaga makopo na chupa juu ya matope ambamo wanawake wamefukia makumbi yao, yaoze wapate kusokota kamba. Riziki yao yote ilikuwa mle.

Asmahani aliingia ofisini, buibui limelowa matope mpaka magotini, akausoma ufuo wao pale mezani.

"Ulifika kwetu kwa miguu yako, Sadalla. Ukaandika mtupu?"

"Niliona maji tu, mpenzi. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Maneno matamu kawape wengine. Mama kachanwa mkono na chupa zenu."

Sadalla akaahidi kupiga hesabu upya. Asmahani akamgeuzia mgongo, akaondoka.

Sadalla akamweleza mkubwa wake kwamba ufuo una wenyewe. Akaamriwa auache mweupe. Akakataa, akafukuzwa palepale, akavuka ng'ambo.

Tishari la pili lilipofika, maji yakiwa yamekupwa, lilikuta wanawake wamesimama matopeni, na Sadalla katikati yao na kaptula yake. Mabaharia wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kumwagia watu taka, wakageuza.

"Sijakusamehe," Asmahani alisema, hasira bado zimempanda.

"Najua. Nataka kukuoa."

"Na hasira zangu hizi?"

"Pamoja nazo."

Asmahani akamtazama chini hadi juu.

"Basi sogea. Umekanyaga makumbi ya mkweo."