Bango la Mlango wa Nyuma

Ukipita mtaani kwetu, utasoma mkono wa Brashi kila unapogeuka. Duka la dawa, kinyozi, mashine ya kusaga, shule ya chekechea: maandishi yote ni yake. Y yake ina mkia mrefu unaopinda mwishoni. Watu humtania kwamba hata akiandika barua ya siri, mtaa mzima utajua imetoka kwa nani.

Brashi anaishi na mkewe katika vyumba viwili. Chumba cha mbele kimejaa makopo ya rangi. Mkewe ni msusi. Huwasuka wateja wake barazani, na mdomo wake hufanya kazi sawa na vidole.

Jumanne moja asubuhi, Brashi alikuwa anaandika ubao wa fundi viatu. Mkono ulitetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili. Miezi minne ilikuwa imepita tangu aache pombe. Alikuwa amekunywa miaka mingi, mpaka kazi zikaanza kumpita. Sasa kila Jumanne alitakiwa kwenda hospitali, kwenye kitengo cha afya ya akili na uraibu. Huko alikuwa akipewa dawa, kisha akiongea na mnasihi, yaani mtu aliyesomea kusikiliza na kushauri.

"Baba watoto, leo Jumanne," mkewe alisema kutoka barazani.

"Najua."

"Unajua, na umekaa kama mgeni anayesubiri chai?"

"Naenda sasa hivi."

Akachukua kadi yake ya kliniki, akatoka. Lakini hakwenda hospitali. Alikwenda nyuma ya karakana ya mbao, akakaa juu ya gogo mpaka saa sita mchana. Hiyo ilikuwa Jumanne ya tatu anafanya hivyo.

Aliporudi, mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Nipe kadi."

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Brashi akampa, naye akaifungua. Mihuri ya Jumanne tatu haikuwepo. Mkewe akamsogelea, akamnusa mdomo. Brashi aliona aibu kuliko siku aliyookotwa mtaroni. Mtu mzima, ana watoto wa sekondari, ananuswa mlangoni kwake!

"Sijanywa," alisema.

"Nimeambiwa unakaa nyuma ya karakana. Kwani hospitali hakuna viti?"

"Naona aibu, mama watoto."

"Aibu ya kutibiwa? Ulipokuwa unalala mtaroni hukuiona?"

Mkewe alijuta maneno yake, lakini yalikuwa yameshatoka. Akaenda kukaa barazani, akafuta macho kwa pindo la gauni. Aliogopa. Mara ya kwanza Brashi alipoacha kliniki, alirudi kwenye chupa ndani ya mwezi mmoja.

Msomaji, acha nikueleze aibu ile, kwa sababu mwenyewe asingeisema.

Miaka sita nyuma, hospitali ilimwita Brashi aandike bango juu ya mlango wa nyuma. Walimpa maneno haya: WAGONJWA WA AKILI NA WALEVI, MLANGO WA NYUMA. Brashi akayaandika kwa rangi nyekundu. Kisha, bila kuagizwa na mtu, akaongeza picha. Alichora mtu anayepepesuka, chupa mkononi, ulimi nje. Waliopita walicheka. Wafanyakazi wa hospitali walicheka. Brashi ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Hata mlevi asiyejua kusoma hatapotea njia!" alijisifu.

Wakati huo alikuwa anakunywa kila jioni. Lakini yeye alijiita mnywaji. Mlevi ni mwenzako. Ndiyo mambo ya mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa alikuwa anapanga foleni chini ya picha yake mwenyewe. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha chai, na wanaokaa pale ni wateja wake. Muuguzi naye hutoka na kuita kwa sauti, "Wa pombe, mstari huu! Wa kichwa, mstari ule!" Brashi alikuwa akiinamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua.

Je, hakuulizwa maoni? Aliulizwa. Kila miezi mitatu, muuguzi yuleyule aligawa fomu, kisha akasimama kando akizisubiri. Brashi aliweka alama ya vema kwenye "nzuri sana" kuanzia juu mpaka chini. Nani angemkosoa mtu anayempa dawa, tena akimtazama? Mwishoni kulikuwa na mistari ya kuandika maoni. Brashi alifikiria mkia wa Y yake. Akaiacha mistari ile mitupu.

Siku mbili baada ya ugomvi ule, Mama Pasi alikuja kusuka. Mama Pasi ni jirani. Ana kibanda cha kufua na kupiga pasi nguo, na ulimi wake hauna mikunjo. Alimkuta msusi amevimba macho.

"Nani kakupiga?"

"Hajanipiga mtu. Naona haya hata kusema." Lakini vidole vilipoanza kusuka, maneno nayo yakatoka. Akamweleza yote.

Mama Pasi alisikiliza, kisha akasema, "Mume wako naomba nizungumze naye. Akikubali. Mimi ni mkusanya maoni wa kile kitengo."

"Wewe? Si unapiga pasi?"

"Napiga pasi siku tano. Siku mbili nakusanya maoni. Na kabla ya hapo nilikuwa mgonjwa palepale."

Msusi aliachia msuko. Miaka yote ya ujirani, hakulijua hilo.

Brashi aliitwa. Alikuja amejifuta mikono, akaketi pembeni ya benchi kama mtu anayetaka kukimbia.

"Shemeji," Mama Pasi alimwambia, "mwaka jana tulipata fomu themanini. Zote zilisema nzuri sana. Lakini nusu ya waliozijaza hawakurudi tena. Mtu aliyeridhika hukimbia?"

Brashi alitazama chini.

"Daktari mkuu alishtuka. Akasema kosa ni letu, tunauliza vibaya. Ndipo tukafundishwa sisi tuliowahi kutibiwa. Tunawauliza wanaokuja, na tunawatafuta walioacha, kwa sababu walioacha ndio wenye habari. Sitaandika jina lako. Nitaandika kwa mkono wangu mimi, si wako. Wanaokutibu hawatajua nani kasema nini. Ukikataa kuongea, dawa zako ziko palepale. Ukisema mabaya, ziko palepale."

"Kwa hiyo kila kitu ni siri?"

"Isipokuwa kimoja. Ukiniambia unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, nitatafuta msaada. Lakini nitakuambia wewe kwanza."

Brashi alikohoa. "Huduma ni nzuri sana," alisema.

Mama Pasi akaweka kalamu chini. "Haya, hiyo nimeisikia. Sasa niambie kwa nini hujaenda Jumanne tatu."

Mke wa Brashi akainuka ili awaachie nafasi, lakini Brashi akamshika mkono. Akaanza kusema polepole. Alisema habari ya kuitwa kwa sauti. Alisema habari ya kibanda cha chai. Mwisho akasema habari ya bango.

"Linatudhalilisha. Lile bango linatufanya vichekesho," alisema. "Na mimi ndiye niliyelichora. Hilo usiandike."

"Siandiki. Lakini nalijua."

"Unalijua?"

"Kila mtu anaijua Y yako, shemeji." Mama Pasi hakucheka. "Nilipofiwa na mume wangu, nilikaa miezi bila usingizi. Nikaletwa pale. Mama mkwe wangu alinisindikiza siku ya kwanza. Alitazama juu, akamwona yule mtu wa chupa. Kisha akanitazama mimi. Siku ya pili hakunisindikiza. Na mimi pombe sijawahi kuionja."

Brashi alifunika uso kwa mikono yake yenye rangi. Kucheka kwake kwa siku ile kulimrudia kote. Alikuwa amezoea kujionea aibu yeye. Hakuwahi kufikiria aibu aliyowavisha wengine.

"Nisamehe," alisema. "Ingawa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

"Huo msemo uandike ukutani, usiishi nao. Mwiba hutolewa." Akaokota kalamu. "Sasa tuendelee. Kitu gani kingekufanya urudi?"

Waliongea karibu saa nzima. Walipomaliza, msusi alisema, "Na mimi nani ataniuliza?"

"Wewe nakuuliza sasa hivi. Familia nayo ina maoni."

"Basi andika. Hakuna aliyewahi kunieleza nifanye nini mtu akitetemeka. Nilikuwa nawaambia wateja wake ana malaria. Malaria ya miaka minane!"

Wote watatu wakacheka, na Brashi alicheka huku machozi yanamtoka.

Mwezi ulipita. Siku moja kukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa hospitali. Walioalikwa ni waliotibiwa, wanaotibiwa na familia zao. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa yenye sehemu mbili: MLISEMA na TUMEFANYA. Daktari mkuu aliisoma kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma apate.

"Mlisema mnaitwa kwa ugonjwa wenu. Sasa mtaitwa kwa namba. Mlisema familia hazielezwi kitu. Kuanzia wiki ijayo, kila Alhamisi kuna darasa la familia. Mlisema dawa huisha kabla ya mwezi kuisha. Hilo bado hatujaliweza. Tumeandika barua, na tutawaambia jibu, hata likiwa baya."

Watu walinong'ona. Hawakuzoea kuambiwa "hatujaliweza".

"Mlisema bango linawadhalilisha. Ni kweli, na sisi wafanyakazi tuliliagiza, tukalicheka. Tunaomba radhi. Kuanzia leo mtapita mlango wa mbele kama wagonjwa wengine wote. Bango litafutwa. Tunatafuta fundi."

Brashi alisikia masikio yakimchoma. Mlango ulikuwa karibu. Angeweza kutoka, na asingeonekana. Mkewe alimtazama, hakusema neno, na kwa msusi yule hilo lilikuwa jambo kubwa. Brashi akasimama.

"Mimi nilichora yule mtu wa chupa," alisema. "Sikuagizwa. Nilitaka watu wacheke. Naombeni mnisamehe. Na naombeni nikalifute mimi."

Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Kijana, tulijua zamani. Tulikuwa tunakusubiri."

Kicheko kilichofuata hakikumuumiza. Lakini si wote waliocheka. Mama mmoja alitoka nje bila kumtazama, na Brashi aliona kwamba mama yule naye ana haki.

Kufuta kulimchukua siku mbili. Rangi nyekundu haikubali kufunikwa kwa kupakwa mara moja. Alipaka nyeupe, chupa ikaonekana. Akapaka tena, ulimi ukaonekana. Mara ya nne ndipo ukuta ukatulia. Mama Pasi alishika ngazi. Kisha Brashi akaenda mlango wa mbele, akaandika maneno waliyoyachagua wagonjwa wenyewe: AFYA NA USHAURI, KARIBUNI. Mkono ulitetemeka kwenye Y. Mkia ukapinda vibaya.

Jumanne iliyofuata, Brashi aliingia kwa mlango wa mbele. Aliitwa namba kumi na saba. Kadi yake ikagongwa muhuri. Alipotoka, alimkuta Mama Pasi na daftari lake kwenye chumba kidogo cha pembeni.

"Shemeji, una maoni leo? Si lazima."

"Ninayo. Andika: bango jipya ni zuri, ila Y imepinda. Mkono wa fundi ulitetemeka, kwa sababu bado anatibiwa."

Mama Pasi akaandika. "Nimemaliza. Jina siweki, unajua."

"Najua si lazima," Brashi alisema. "Leo weka jina langu."