Chumba Kipya cha Mama Albina

Flavian na Agnesi wanaishi pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Asubuhi huko baridi haina huruma. Agnesi hupika uji wa ulezi kabla binti yao Edith hajaenda shule. Flavian huchelewa kuamka, lakini uji haumpiti.

Waliongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba. Kilikuwa cha Mama Albina, mama yake Flavian, aliyekuwa akiishi peke yake kijijini Mwazye. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Flavian alifurahi sana siku alipomleta.

Haikupita miezi mingi, sakafu ikapasuka. Ufa mmoja ulitokea pale chumba kipya kinapoungana na nyumba ya zamani. Nyufa nyingine zilikata katikati. Flavian aliziba kwa saruji. Zikarudi, tena pana zaidi.

Asubuhi moja Mama Albina alijikwaa kwenye ufa, akaanguka. Hakuumia sana, ila alianza kufunga mizigo.

"Mama, unakwenda wapi?" Agnesi aliuliza.

"Narudi Mwazye, mwanangu. Chumba hiki kinanikataa."

Maneno hayo yalimchoma Flavian. Alitoka mbio kumwita jirani yao Gaudiosa, fundi wa sakafu.

"Shikamoo, mama," Gaudiosa alimsalimia Mama Albina alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone maajabu."

Gaudiosa aligonga sakafu kwa nyundo. Ililia kama debe tupu.

"Baba Edith, zamani hapa palikuwa na nini?"

"Bustani ya maharage. Tulipiga ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, tukafukia majani ndani, kama tulivyozoea."

"Halafu?"

"Nikayasawazisha yale matuta, nikamwaga zege juu."

Gaudiosa alicheka mpaka akashika kiuno. "Mfipa wewe! Umejenga juu ya mbolea! Majani yakioza kwenye tuta, maharage yanashiba. Yakioza chini ya sakafu, udongo unatitia. Zege linabaki halina pa kuegemea, linapasuka."

Mama Albina aliacha kufunga mizigo. Alikuwa amelima ntumba tangu usichana.

"Kweli kabisa," alisema polepole. "Tuta la mwaka jana huwa limeshuka. Flavian, hukuliona hilo?"

Flavian alijikuna kichwa. Kisha akaenda kuchukua sururu.

Walibomoa sakafu. Walichimba udongo wote laini mpaka wakafika kwenye ardhi ngumu. Wakajaza changarawe kidogo kidogo. Kila tabaka walilinyunyizia maji na kulishindilia kabla ya kuongeza jingine. Flavian alitaka kuruka tabaka moja. Mama yake alimgombeza, naye Flavian akaendelea kushindilia.

Gaudiosa aliweka ukanda wa nailoni kati ya sakafu mbili.

"Huo wa nini?" Agnesi aliuliza.

"Nyumba ya zamani imeshatulia. Chumba hiki bado kitashuka kidogo. Ukizishikanisha sakafu, zitavutana na kupasuka. Ziache zijitegemee."

Baada ya kumwaga zege, walilifunika kwa magunia, wakayalowesha maji wiki nzima. Upepo wa Ufipa hukausha zege haraka mno, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Mvua zilikuja, zikaisha. Sakafu ilibaki nzima. Mama Albina alitembea chumbani bila kupapasa ukuta, na nyumba ilijaa utani wake.

Jumapili moja mjukuu wake Edwin alipiga simu kutoka Mwazye.

"Bibi, nataka kuezeka upya nyumba yako. Unarudi lini?"

"Ezeka, kisha uhamie humo na mkeo," Mama Albina alijibu. "Mimi niko nyumbani."