Jina Ndani ya Bampa

Likizo ikifika, wenzangu hulala mpaka jua liwafuate kitandani. Mimi saa moja asubuhi huwa nimeshafagia karakana ya shangazi yangu na kunyunyiza maji sakafuni. Maji hayo hulaza vumbi, maana vumbi likitua juu ya rangi mbichi, kazi ya siku nzima imeharibika. Baada ya hapo natundika barakoa zetu msumarini na kupanga karatasi za msasa, zile za kukwaruza juu, zile laini chini. Shangazi akiingia na kikombe chake cha chai, hakuti cha kulalamikia. Hutafuta hata hivyo.

Karakanani naitwa Milimita. Si kwa sababu ya ufupi wangu, ingawa wapo wanaodhani hivyo. Nilipokuwa na miaka kumi nilimwambia Shangazi kwamba mlango alioufunga kwenye gari fulani umezidi upande mmoja kwa milimita moja. Alicheka, akachukua rula, akapima, akaacha kucheka. Sasa nina miaka kumi na mitatu na bado naisimulia habari hiyo kwa yeyote anayekubali kusimama.

Likizo ninayoisimulia tulipata gari la mwalimu wa udereva. Lilikuwa kuukuu lakini injini yake nzima, na mwenyewe alikuwa amechoka kuchekwa. Alituletea seti ya bodi ya faiba: bampa ya mbele, bampa ya nyuma, na sketi mbili za kufunga chini ya milango.

"Lipendezeni," alisema. "Jumatatu naanza na wanafunzi wapya. Wale waliopita walikuwa wakiona rafiki zao barabarani, wanainama chini ya usukani. Sasa dereva akiinama, gari linaongozwa na nani?"

Vipande vya faiba haviji vikiwa tayari kufungwa. Vina vishimo vidogo, na kingo zake hazikai sawa na mwili wa gari. Unavijaribisha kwenye gari, unachonga kingo, unavitoa, unaziba vishimo kwa puti, unasugua, unapaka praima ya kushikia rangi, unasugua tena kwa maji. Rangi ni ya mwisho kabisa.

"Bampa ya mbele ni yako," Shangazi aliniambia. "Rangi nitapuliza mimi, ile si hewa ya mapafu ya mtoto. Mengine yote fanya wewe. Ikitoka sawa, jina lako linakaa juu."

Nusura niruke. Karakana yetu ina desturi yake. Kabla kipande hakijafungwa, aliyekifanyia kazi huandika jina lake upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari hataliona. Mwenye kazi huandika juu, msaidizi chini. Na aliyeandika juu ndiye anayemjibu mwenye gari, kwa zuri na kwa baya. Shangazi haandiki jina, huchora spana ndogo. Likizo tatu nilikuwa nimeandika Milimita chini ya spana ile. Juu, sijawahi.

Siku ya Jumatano Shangazi alitoka kwenda kununua vanishi. Nilikuwa nimebaki na rafiki yangu wa jirani, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Bampa ilikuwa imeshachongwa na ilikaa kwenye gari sawasawa. Kilichobaki ni kuitoa na kuipeleka mezani nianze kusugua.

"Subiri nikushikie upande wa pili," alisema Redio, akishuka kwenye tairi alilokalia.

Ndiyo kanuni ya karakana: bampa hubebwa na watu wawili. Lakini kichwa changu kilikuwa kimevimba tangu nilipoambiwa habari ya jina.

"Kaa tu. Wewe utanipindishia."

Nilipiga hatua nne. Ya tano nikakanyaga mpira wa maji, bampa ikanitoka mkononi na kugonga sakafu kwa upande wa kushoto. Ilitoa mlio mkavu ambao sikuupenda. Nilipoikagua niliona ufa mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye tundu la boliti, urefu wa kidole changu.

"Sasa utamwambia nini shangazi yako?" Redio aliuliza, macho kodo.

"Nitaziba kwa puti. Ni kaufa kadogo."

"Kama ni kadogo, si utamwambia kwa ufupi?"

"Redio, wewe huna kifua. Lakini hili, tafadhali, kaa nalo."

Akakaa nalo, na hilo peke yake lingetosha kunionyesha kwamba jambo lilikuwa zito. Mimi nilikoroga puti, nikaziba, nikasugua. Niliziba vizuri mno. Shangazi aliporudi alipitisha kiganja juu ya bampa yote, kama afanyavyo siku zote, akiwa amefumba macho ili mkono useme wenyewe. Mkono ulipita juu ya ule ufa bila kusimama.

"Safi," alisema.

Neno hilo nililingoja likizo tatu, na lilipokuja halikunifurahisha hata kidogo. Alhamisi tulipaka praima. Ijumaa Shangazi alipuliza rangi ya buluu na juu yake vanishi, bampa ikang'aa mpaka tukajiona meno.

Jumamosi asubuhi tuliilaza kifudifudi juu ya blanketi. Shangazi alinikabidhi kalamu ya wino mzito.

"Haya, bosi. Andika juu, uniachie nafasi ya spana," alisema, kisha akainamia taa ya mbele ya gari kukaza skrubu.

Upande wa ndani haupakwi rangi. Na pale, karibu na tundu la kushoto, ufa wangu ulikuwa umelala wazi, mstari mweupe ambao puti ya nje haikuweza kuufikia. Shangazi alikuwa amenipa mgongo. Baada ya dakika kumi bampa ingefungwa, na hakuna ambaye angeuona tena. Niliandika herufi ya kwanza, M, kando ya ufa. Mkono ukagoma hapo. Nilimfikiria mwalimu barabarani na mwanafunzi anayetetemeka kwenye usukani, na bampa yenye jina langu ikining'inia kwa boliti moja. Nikapiga moyo konde.

"Shangazi, usifunge. Ina ufa."

Aligeuka taratibu. Nikamwaga yote: mpira wa maji, hatua ya tano, puti, na jinsi nilivyomfunga mdomo Redio wa watu. Aliinama, akagonga faiba kwa kifundo cha kidole. Kulia ililia vizuri. Kushoto ilitoa sauti butu.

"Unajua tundu hili linabeba nini?"

"Boliti."

"Linabeba uzito wa upande mzima. Gari likikimbia, upepo unavuta. Likipita kwenye shimo, bampa inaruka. Ufa ungefika mwisho ndani ya wiki mbili, bampa ikaingia chini ya tairi gari likiwa kwenye mwendo. Na mwenye gari atafika saa sita. Jina lililoanza kuandikwa hapa ni la nani?"

"Langu."

"Basi utamjibu wewe."

Mwalimu alifika saa sita kasoro, amevaa shati lililopigwa pasi kwa ajili ya kulipokea gari lake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Liko wapi gari langu zuri?"

Nilimwambia bila kuzungusha maneno. Niliidondosha, ikapasuka, nikaificha. Ili iwe salama ni lazima tuikwangue puti, tuweke faiba mpya kwa ndani, tusubiri ikauke, tusugue na tupake upya. Ingekuwa tayari Jumanne.

Tabasamu lilimpotea. "Jumanne? Nimekwambieni Jumatatu nina wanafunzi!"

"Najua, Mwalimu. Nisamehe. Ni kosa langu, si la Shangazi."

Aliitazama bampa, akanitazama mimi. "Mwaka jana mwanafunzi wangu aligonga nguzo ya geti," alisema. "Akaniambia nguzo ndiyo iliyosogea. Mpaka leo hajakubali." Akavuta pumzi. "Nitachukua gari bila bampa. Lakini Jumanne, binti, ni Jumanne."

Aliondoka shingo upande. Jumatatu asubuhi niliona gari likipita mbele ya karakana, limepambwa pande zote isipokuwa mbele, kama mtu aliyevaa suti huku meno ya mbele yameng'oka. Watoto waliokuwa wakicheza njiani walicheka. Mwalimu aliangalia mbele moja kwa moja. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu, na ilikuwa haki yangu.

Sikukaa bure lakini. Tangu Jumamosi mchana nilisugua upande wa ndani mpaka ile M ikafutika, Shangazi akanisimamia tukalaza vitambaa vitatu vya faiba juu ya ufa. Jumapili vilikauka. Jumatatu nilisugua mpaka vidole vikawaka, na kila mara bampa ilipohama, Redio alishika upande wa pili. Alikuwa ananieleza jinsi alivyoteseka kwa kunyamaza siku tatu. Nilimsikiliza yote, nilikuwa na deni hilo. Jioni Shangazi alipuliza rangi na vanishi upya.

Jumanne Shangazi aligonga kulia, akagonga kushoto. Sauti ilikuwa moja.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Kudondosha si dhambi, mimi nimedondosha vingi. Kilichonitisha ni kwamba kiganja changu kilipita juu ya ufa na hakikuujua. Nimefanya kazi hii miaka ishirini, na mkono wako umenidanganya. Mkono mwepesi namna hiyo ukiwa na mtu mkweli, watu watasafiri salama. Ukiwa na mtu wa kuficha, heri angekuwa hajui kazi kabisa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

"Siku nyingine kitu kikikuharibikia, niambie kikiwa bado kidogo."

Alinipa kalamu. Ile nafasi niliyoandika M sasa ilikuwa imefunikwa na kiraka cha faiba, kigumu na kikavu. Niliandika hapo hapo, juu ya kiraka, jina zima: Milimita. Kisha nikamrudishia kalamu. Shangazi aliinama, akachora spana yake ndogo chini ya jina langu.

Tuliibeba bampa watu wawili, yeye kushoto na mimi kulia, tukaenda kuifunga kwenye gari la Mwalimu, lililokuwa likingoja mlangoni.