Kisigino cha Mwalimu

Jumamosi moja asubuhi mtu asiyejulikana alibisha hodi nyumbani kwa Fundi Saa. Nyumba ilikuwa tulivu. Fundi alikuwa mezani sebuleni, kioo chake cha kukuzia amekibana jichoni, anasafisha saa ya mteja. Mkewe, ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu kwa sababu amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini, alikuwa ametoka kwenda dukani.

Mlangoni alisimama kijana mpana wa mabega, kavaa nguo za michezo, nywele zimelowa. Mkononi alikuwa na mfuko.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Fundi alimtazama juu mpaka chini. "Shemeji wa wapi?"

Kijana alicheka. "Mimi Kocha. Nimemletea Mwalimu kandambili zake, alizisahau kwangu Jumatano."

"Kwako."

"Ndiyo, kwangu. Mwambie Jumatatu asikose, ameshafika pazuri."

Akaondoka kwa kukimbia, mwepesi kama aliyeitiwa chakula.

Ndugu zangu, hapo swali moja tu lingetosha: "Kwako wapi?" Fundi hakuliuliza. Aliuficha ule mfuko nyuma ya kabati la vipuri, na mkewe aliporudi hakumwambia kitu.

Mwalimu alikuwa akilalamika kisigino kwa miezi mitatu. Mara ya kwanza alipomwambia mumewe, Fundi alijibu bila kuinua kichwa, "Mwalimu, kila mwenye miguu inamuuma. Mimi jicho linaniuma, nimemwambia nani?" Tangu siku hiyo Mwalimu alinyamaza.

Sasa Fundi alianza kupima, maana kupima ndiyo kazi yake. Akagundua kwamba mkewe akitoka kitandani anashika ukuta, na kutoka chumbani hadi jikoni, hatua kumi na mbili, anatumia dakika mbili nzima, uso umekunjamana. Lakini akichungulia dirishani saa moja kasorobo, anamwona akipita kona ya mtaa kuelekea shuleni, anatembea karibu sawasawa na watu wengine. Ugonjwa gani huu, alijiuliza, unaouma mbele ya mume na kupona barabarani? Tena shule hufungwa saa tisa, ila Jumatatu na Jumatano Mwalimu hurudi saa kumi na mbili. Akiulizwa, husema, "Kikao."

Na kulikuwa na ile sauti. Kila alfajiri Fundi aliisikia akiwa amejifanya amelala: kitu kinabingirika sakafuni chini ya kitanda, ruu, ruu, ruu. Siku moja aliinama akakiona. Ilikuwa chupa.

Akampelekea habari dada yake, anayeishi ng'ambo ya ua.

"Chupa, kaka?"

"Chupa. Nimeiona kwa macho yangu."

"Na huyo kijana anakuita shemeji!" Dada alipiga makofi. "Kaka yangu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Lakini hakuna aliyesema lolote."

"Si tumeshasema sisi?"

Usicheke, msomaji. Tuhuma nyingi katika mitaa yetu huzaliwa hivyo hivyo: watu wawili wanasema, halafu wanajitaja wenyewe kuwa mashahidi.

Ni dada aliyetoa wazo la mtego. "Mpandishe kilima. Mguu wa uongo haufiki mbali, utajisahau tu."

Jumapili Fundi alimwambia mkewe, "Leo tutembee mpaka kwenye tangi la maji kule juu. Mazoezi mazuri."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Kilima kile, Fundi? Na kisigino hiki?"

"Mbona kwenye vikao vyako kinafika?"

Mwalimu alimtazama. Alielewa kwamba anashukiwa, ingawa hakujua anashukiwa nini. Alikuwa na hiari ya kusema kila kitu pale pale. Lakini aliona haya, na alikuwa na hasira, na hasira humfunga mtu mdomo kuliko kufuli. Akavaa viatu.

Barabara tambarare aliimaliza vizuri, na Fundi aliitikia kwa kichwa peke yake, kana kwamba hesabu imekubali. Mlimani Mwalimu alianza kukanyagia vidole. Wakati wa kushuka, mguu uliteleza juu ya jiwe, kisigino kikashuka kwa nguvu. Alipiga kelele moja fupi, akakaa chini.

"Inuka, mke wangu, watu wanatuangalia."

"Kimechanika kitu, Fundi. Nimekisikia."

Aliletwa nyumbani kwa mkokoteni wa mbeba mchanga.

Daktari alieleza kwamba utando wa chini ya unyayo, ule unaoshika kisigino na kwenda hadi vidoleni, ulikuwa umevimba siku nyingi na sasa umechanika kidogo. Wiki tatu asiukanyagie mguu huo kabisa. Shule ilikuwa imeingia likizo, na Mwalimu mkuu naye akaja kumpa pole, na kabla ya kuaga akasema kwa upole kwamba muhula ukifunguliwa kabla hajaweza kusimama, darasa lake atapewa mwingine, na yeye atapelekwa stoo ya vitabu. Mwalimu aligeukia ukutani.

Je, Fundi alitubu? Bado. Tuhuma ikishaota mizizi hainyauki kwa siku moja. Jumatano simu ya Mwalimu ililia akiwa amelala, Fundi akaipokea.

"Mwalimu, tunakungoja! Maji leo ni ya vuguvugu."

"Uko wapi wewe?"

"Aa, shemeji! Bwawani, bwawa la manispaa, nyuma ya uwanja."

Fundi aliutoa ule mfuko wa kandambili nyuma ya kabati akaenda, ngumi imekunjwa njia nzima. Alipoingia aliona watu kama kumi ndani ya maji yaliyowafika kifuani, wanatembea polepole wakizunguka bwawa. Wengi walikuwa na mvi. Kocha alikuwa katikati, amemshika kiwiko bibi mmoja aliyevaa kofia ya plastiki.

"Namtaka anayemshika mke wangu!" Fundi alinguruma.

Maji yalitulia. Yule bibi akageuka. "Baba, hata mimi ananishika. Mume wangu amenituma nimpe asante."

Wote wakaangua kicheko. Kocha alitoka majini, akamwuliza habari za Mwalimu, na alipoambiwa juu ya kilima uso ulimbadilika.

"Shemeji, kilima tulimkataza. Ndiyo maana alikuja huku, daktari ndiye aliyemleta. Majini mwili ni mwepesi, mguu haupokei kishindo. Siku akichoka maji, anakaa kwenye baiskeli ile isiyokwenda mahali. Na nyumbani anabingirisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo kabla hajasimama."

"Chupa," Fundi alisema.

"Ndiyo, na taulo la kuvutia vidole. Hatua za kwanza za asubuhi ndizo mbaya zaidi. Utando ukishalainika kwa kutembea, maumivu yanapungua. Mtu asiyejua atadhani mgonjwa anadanganya."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa bwawa. Saa ya zamani iliyolala siku nyingi mafuta yake huganda. Ukiitia ufunguo huanza kwa kusuasua, halafu hukaa sawa. Miaka thelathini ameipokea saa ya namna hiyo kwa subira, hakuwahi kuiita mwongo.

Alirudi akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia kisigino kinauma, ukaniletea jicho lako."

Fundi alinong'ona, "Siku daktari akikuruhusu, nitakupeleka mwenyewe. Kila Jumatatu na Jumatano, saa kumi. Nitaingia nawe majini."

"Wewe unayeogopa beseni?"

"Mimi."

Jumatano ya kwanza baada ya ruhusa ya daktari ilipofika, saa tisa na nusu, karani wa manispaa alikuja mbio. Saa kubwa ya mnara ilikuwa imesimama, na wakubwa walitaka ifunguliwe siku hiyo hiyo, saa kumi, na fundi atakayeitengeneza ndiye atakayeitunza daima. Kazi hiyo Fundi aliiomba kwa barua miaka kumi na miwili.

Alitazama mfuko wake wa vyombo. Akamtazama mkewe kizingitini, taulo begani.

"Mpeni mwingine," alisema.

"Kaka, una wazimu!" dada yake alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua.

Saa kumi kamili Fundi alikuwa majini, anatetemeka, suruali imejaa upepo kama puto, kiwiko cha mkewe amekishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, pumua," Kocha alisema.

"Napumua," alijibu, naye alikuwa bado hajapumua.

FUNZO

Mwalimu amerudi darasani, kwa sasa nusu siku, akifundisha ameketi kwenye kiti kirefu. Tujifunze kwamba maumivu ya mtu hayapimwi kwa macho ya mwingine, na mgonjwa anayetembea vizuri mchana huenda alilia asubuhi. Anayeumwa mguu asilazimishwe kilima wala kukimbia, bali amwone daktari, atafutiwe mazoezi mepesi ambayo mguu wake unayaweza. Nawe unayeumwa, usifiche, maana mficha maradhi kilio humfichua. Na ukimshuku mwenzako, muulize yeye kwanza kabla hujaenda ng'ambo ya ua. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.